Tazama na saa mkononi: namna ya kupiga pointi mapambano ya ubingwa ya enzi za Ali na Hagler

Kuanzia 1983 mpaka 1997 nilikuwa mpiga kengele wa ngumi za ridhaa hapa Tanga. Sikuwa refa wala jaji. Nilikaa kwenye kiti cha mbao kando ya ulingo, saa ya kupimia ikining'inia shingoni, kipande cha nondo mkononi, na mbele yangu ringi ya lori iliyofungwa kwenye boriti kwa waya. Dakika tatu zikitimia, naigonga ringi. Dakika moja ya mapumziko ikiisha, naigonga tena. Ukiifanya kazi hiyo miaka kumi na minne macho yako yanaharibika: huwezi tena kutazama ngumi bila kujiuliza zimebaki sekunde ngapi.

Mwaka juzi mpwa wangu aliniletea simu yake barazani. "Mjomba, njoo uone Hagler alivyodhulumiwa." Tukatazama pambano la 1987 la Wamarekani wawili, Marvin Hagler dhidi ya Ray Leonard, mwanzo hadi mwisho, tukabishana mpaka chai ikapoa. Yeye alikuwa upande wa Hagler, mimi wa Leonard, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusema ni raundi ipi hasa ilikwenda kwa nani. Tulikuwa tumetazama kwa mdomo. Kesho yake nikanunua daftari. Haya hapa ndiyo tunayoyafanya tangu siku hiyo, na nadhani mtu yeyote mwenye simu na jioni mbili tatu za bure anaweza kuyafanya.

Unahitaji daftari la mistari, peni, simu moja ya kutazamia na nyingine ya kupimia muda. Na bando la kutosha, maana lazima utafute pambano zima. Vile vipande vya dakika tano tano vitakupotosha. Aliyekata video amechagua makonde yaliyotua vizuri, zile dakika mbili za kuzungukana na kuchokozana akazitupa, na raundi nyingi za ubingwa huamuliwa humo humo alimotupa.

Chora mstari mmoja kwa kila raundi, na kila mstari uwe na visanduku vitatu, kimoja kwa kila dakika. Kisanduku cha tatu kikate katikati kwa mkwaju, kwa sababu nusu dakika ya mwisho ndiyo yenye ulaghai wote. Kengele ikilia, bonyeza saa, kisha zima sauti. Dakika ya kwanza ikiisha andika herufi ya aliyeichukua, ya pili vivyo hivyo, mpaka mwisho. Usiposhawishika, weka alama ya sawa, si dhambi. Raundi ikiisha usijiulize moyo wako unamtaka nani. Hesabu visanduku.

Mshindi wa raundi anapata 10, aliyeshindwa 9. Aliyeangushwa mara moja kwa kawaida anashuka hadi 8, mara mbili hadi 7. Na konde la kuhesabiwa ni lile lililotua kwa vifundo vya vidole, mbele au pembeni ya kichwa, au mwilini juu ya mkanda wa bukta. Lililogonga mkono, bega au glovu ya mwenzake halina pointi hata likisikika mpaka sokoni. Hapo ndipo watazamaji wengi wanapokosea. Baada ya makonde safi ndipo uangalie nani anasonga mbele kwa faida, nani anaamua pambano lipiganwe wapi, na nani anakwepa. Anayesonga mbele huku anapigwa usoni hajapata kitu.

Kwa nini uzime sauti? Anza na Kinshasa utaelewa.

Pambano la Ali na Foreman lilipiganwa tarehe 30 Oktoba 1974, saa kumi alfajiri kwa saa za Kinshasa, ili Wamarekani walione saa nne usiku wao. Huku kwetu ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi na watu wanakwenda kwenye mashamba ya mkonge. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Nakumbuka habari ilifika kabla ya mapumziko ya saa nne shuleni, na mwalimu mmoja alikataa kabisa kuiamini. Alikuwa na haki yake. Foreman alikuwa na miaka 25, mapambano 40, hajapoteza hata moja, na 37 kati ya hayo ameyamaliza kwa KO, yaani mpinzani hakuweza kuendelea. Joe Frazier aliangushwa naye mara sita ndani ya raundi mbili kule Kingston, Ken Norton naye hakuvuka raundi ya pili kule Caracas. Ali alikuwa na miaka 32. Pambano lenyewe lilikuwa lipiganwe tarehe 25 Septemba, likaahirishwa baada ya Foreman kuchanika juu ya jicho mazoezini.

Ukiliangalia kwa sauti unasikia uwanja mzima ukiimba "Ali, boma ye". Wengi wetu huku tunaidhani ni Kiswahili cha Kongo. Ni Kilingala, maana yake ni Ali, muue. Watu maelfu kwa maelfu wakiimba hivyo, kila Ali akimgusa Foreman uwanja unalipuka, na Foreman akimzamishia mbavuni kimya. Sikio lako linapiga pointi badala ya jicho. Zima.

Bukta nyeupe ni Ali, nyekundu ni Foreman. Raundi ya kwanza Ali hakai kwenye kamba. Anafungua kwa mkono wa kulia moja kwa moja, bila kutanguliza wa kushoto, jambo ambalo bondia halifanyi mbele ya bingwa kwa sababu mkono wa kulia una safari ndefu na mwenzako anauona ukitoka. Foreman hakuutarajia. Andika hiyo raundi, halafu jiandae, kwa sababu kuanzia ya pili utaanza kudanganyika. Ali anarudi kwenye kamba, kamba zenyewe zimelegea, anaegemea nyuma kama mtu anayekwepa moshi wa jiko la kuni. Foreman anarusha. Anarusha mno. Ukiwa mvivu utamwandikia Foreman visanduku vyote vitatu.

Sasa rudisha nyuma, utazame glovu za Ali tu. Kipi kilitua? Mikono imefunika kichwa, viwiko vimekaa juu ya mbavu, na makonde mengi yanaishia hapo. Yapo yaliyopenya kwenye mbavu, usimdhulumu Foreman, hayo yaandike. Lakini angalia pia kila wanapokumbatiana: Ali anaweka mkono nyuma ya shingo ya Foreman na kumkandamiza chini. Jitu zito vile linalazimika kujinyanyua lenyewe kila mara. Hakuna pointi kwa hilo, na sheria hairuhusu, lakini utaliona deni lake likilipwa baadaye.

Raundi ya 5 itazame mara mbili. Kwa dakika mbili na zaidi Foreman anampiga Ali kwenye kamba kama mtu anayetwanga, kisha katika nusu dakika ya mwisho Ali anatoka kwenye kamba na kummiminia usoni, na Foreman anarudi kwenye kona akiwa hajui kilichompata. Raundi ya nani? Kwa visanduku vyangu, dakika ya kwanza sawa, ya pili Foreman, ya tatu Ali kwa nguvu sana. Nikampa Ali, mpwa wangu akampa Foreman, na nadhani hakukosea sana. Majaji wote watatu walikuwa na Ali mbele pambano lilipoisha, kwa hiyo mwalimu wetu, kama angekuwa na daftari, asingekataa habari.

Raundi ya 8 weka kidole kwenye saa. Foreman anarusha, anayumba, Ali anajitoa kwenye kamba na kumfululizia, la mwisho ni la kulia. Foreman anazunguka, anaanguka. Refa anamaliza kuhesabu saa ikisoma 2:58. Zilibaki sekunde mbili.

Hapo lazima nikiri jambo. Mwaka mmoja, kwenye pambano la vijana, jasho liliniingia jichoni nikausoma mshale vibaya, nikagonga ringi sekunde kumi na tano mapema. Kijana aliyekuwa amebanwa kwenye kona anapigwa bila kujibu akaokoka, akapumua, akarudi na kushinda. Kocha wa yule mwingine hakunisalimia mpaka Ramadhani ikaja. Kwa hiyo kila nikiitazama ile raundi ya 8 napiga hesabu: kengele yangu ingelia Kinshasa, konde la mwisho la Ali lisingetua.

Ukishaimaliza Kinshasa, rudi nyuma hadi tarehe 8 Machi 1971, Madison Square Garden, Frazier na Ali kwa mara ya kwanza. Hapa kuna zoezi moja tu. Wakati ule New York hawakutumia hesabu ya 10 na 9. Walihesabu raundi: umeshinda raundi ngapi, basi. Raundi ya 15 Frazier alimwangusha Ali kwa kushoto kwa kuzungusha, konde ambalo mpaka leo ukilitazama unashika taya lako mwenyewe. Kwa hesabu ya leo hiyo ni 10 kwa 8. Kwa hesabu ya siku ile ilikuwa raundi moja sawa na ile aliyoishinda mtu kwa kuchokoza tu. Frazier alishinda kwa kadi zote, 9 kwa 6, 11 kwa 4, na ya refa 8 kwa 6 na moja sawa. Piga kadi yako kwa njia zote mbili uone zinavyoachana.

La Manila la 1975, Ali na Frazier tena, usilipigie pointi. Litazame wakati wa mapumziko. Zile dakika moja moja kati ya raundi, ambazo kwenye video watu huzirusha, ndizo zenye pambano: mabega yanavyoshuka, nani anakaa na nani anatupwa kwenye kiti, maji yanavyomwagwa. Baada ya raundi ya 14 Eddie Futch, kocha wa Frazier, alimkatalia bondia wake kusimama tena kwa sababu alikuwa haoni. Ilibaki raundi moja.

Tuje kwa Leonard na Thomas Hearns, 16 Septemba 1981, Caesars Palace, Las Vegas. Hili ndilo la kujifunza urefu wa pambano. Wote walijua Hearns ni mpigaji na Leonard ni fundi wa miguu, na pambano likageuka: Leonard akamuumiza Hearns raundi ya 6 na ya 7, Hearns akaanza kupigana kwa mbali na ule mkono wake mrefu wa kushoto, akawa yeye ndiye fundi. Jicho la kushoto la Leonard likavimba. Ukifika mwisho wa raundi ya 12, simamisha video na jumlisha. Kwangu Hearns yuko mbele, na kwa majaji wote watatu alikuwa mbele. Sasa endelea. Raundi ya 13 Leonard anampiga Hearns mpaka anapita kati ya kamba, ya 14 refa analisimamisha. Wakati linasimama kadi zilisoma 124 kwa 122, 125 kwa 122, 125 kwa 121, zote za Hearns.

Mwaka uliofuata, Novemba 1982, Mkorea Duk Koo Kim alianguka baada ya kupigana raundi 14 na Ray Mancini ulingo ukiwa hapo hapo Caesars Palace, akafariki siku chache baadaye. WBC, moja ya mashirika yanayosimamia ubingwa wa dunia, wakashusha mapambano ya ubingwa hadi raundi 12, na wengine wakafuata. Siwezi kusema walikosea, nimewaona vijana wakibebwa. Ila ukiwa na daftari unaona dhahiri kwamba Hearns yule yule, usiku ule ule, kwa sheria ya baadaye ni bingwa.

Hagler na Hearns, Aprili 1985: weka peni chini. Ni dakika nane hivi, raundi ya tatu haikuisha, hakuna cha kuhesabu. Kila mara ninapojaribu kujaza visanduku vya raundi ya kwanza najikuta nimesahau kuandika. Hearns alivunja mkono wa kulia, Hagler akachanika usoni, refa akamwita daktari, Hagler akaona bora amalize kabla hawajamsimamisha.

Sasa ndiyo ulete lile la ugomvi, Hagler na Leonard, 6 Aprili 1987. Hagler hakuwa amepoteza tangu 1976. Leonard alikuwa amepigana mara moja tu katika miaka mitano. Upande wa Leonard uliomba raundi 12 badala ya 15, ulingo mpana, glovu za aunsi 10, na Hagler akakubali yote. Kisha Hagler, aliyekuwa mashoto, akaanza raundi za mwanzo kwa kusimama kama mtu wa kulia. Sijui nani alimshauri. Raundi hizo ni za Leonard, huhitaji saa.

Saa unaihitaji baadaye. Leonard alikuwa anapumzika kwa miguu, anazunguka, anakumbatia, kisha zikibaki sekunde 30 kona yake inampa ishara naye anafungulia mvua ya makonde. Mengi mepesi, mengine kwenye glovu, lakini uwanja unasimama, kengele inalia watu wakiwa wamesimama. Jaji naye ni mtu, anaandika kadi wakati huo huo. Huo ndio mkwaju niliokwambia ukate kwenye kisanduku cha tatu. Jaza vizuri uone raundi ngapi Hagler ana dakika mbili na nusu, na Leonard ana nusu. Halafu uwe mwadilifu kwa upande wa pili pia: katika hizo dakika mbili na nusu Hagler anasonga mbele, ndiyo, lakini anakosa mara ngapi? Raundi ya 9 ni tamu kuliko zote, Leonard amebanwa kwenye kona na anatoka kwa kupigana. Nimeipiga mara nne, na mara mbili nimempa huyu, mbili yule.

Majaji: mmoja 115 kwa 113 kwa Hagler, mmoja 115 kwa 113 kwa Leonard, na wa tatu, Jo Jo Guerra, 118 kwa 110 kwa Leonard. Hiyo ya tatu ni raundi kumi kwa mbili. Kadi yangu ya kwanza, bila daftari, ilikuwa ya Leonard. Kwa visanduku ikatoka 115 kwa 113 ya Hagler, yaani raundi saba kwa tano. Mpwa wangu alifurahi sana kwa nusu saa, kisha akapiga yake kwa visanduku, ikatoka ya Leonard. Raundi kumi kwa mbili hatujazipata, si yeye wala mimi. Hagler hakupanda ulingoni tena.

Kabla hujafunga daftari kuna Waganda wawili. John Mugabi alimkabili Hagler tarehe 10 Machi 1986. Kila aliyekutana naye kabla ya hapo alikuwa hajafika mwisho, na usiku ule alimtoa Hagler jasho kweli kweli mpaka raundi ya 11. Piga raundi sita za mwanzo tu, utamheshimu.

Mwingine ni Ayub Kalule, na huyu ndiye nilimwachia mwisho makusudi. Alikuwa mashoto, bingwa wa WBA, shirika jingine la ubingwa wa dunia, wa uzito wa pauni 154, mapambano 36 bila kupoteza. Tarehe 25 Juni 1981, Houston, ndani ya Astrodome, alikutana na Leonard aliyepanda kutoka pauni 147. Pambano la karibu, lenye adabu. Raundi ya 9 Leonard anamwangusha mwishoni kabisa, Kalule anasimama, refa anakata. Leonard anapiga sarakasi hewani. Muda uliotangazwa kwanza ni 2:59.

Hapa fungua sauti. Rudi mwanzo wa raundi ya 9, kengele ikilia bonyeza saa, na uisimamishe pale refa anapopunga mikono. Fanya mara tatu, kidole kinateleza. Mpwa wangu alipata 3:05, kisha 3:07, kisha 3:06, na 3:06 ndiyo iliyokuja kukubalika. Raundi ya ngumi ina sekunde 180. Aliipima mara ya nne, akaiweka simu juu ya mkeka, akaniuliza: "Mjomba, kwani mpiga kengele alikuwa wapi?"

Nikamwambia tuanze tena, safari hii tuangalie pembeni mwa ulingo, kule meza ilipo.